Chombo cha Bibi Ambaro

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Sagal alikuwa na kazi mbili jikoni. Ya kwanza ilikuwa kupika anjera. Alichota rojo la unga lililolala likichachuka, akalimimina juu ya kikaango cha moto, akalizungusha kwa kitako cha kikombe kutoka katikati hadi pembeni, na vijitundu vikafunguka kama macho. Kazi hiyo aliipenda. Mdogo wake Guled, mtoto wa miaka mitano, aliketi karibu akingoja anjera ya kwanza, ile isiyotoka vizuri, apakiwe mafuta ya ufuta na sukari.

Kazi ya pili aliiogopa. Ilikuwa kuandaa chombo cha maziwa.

Bibi Ambaro ndiye aliyekisuka chombo hicho kwa nyuzi za mizizi, mwaka ambao bintiye, mama yake Sagal, aliolewa. Kilibana hata tone halikupita, na kifuniko chake kilikuwa pia kikombe cha kunywea. Kila asubuhi Bibi alikiosha kwa maji ya moto, akatia ndani vijiti vya mzeituni mwitu vinavyowaka, akafunika, akatikisa mpaka moshi ukolee. Hapo tu ndipo muuza maziwa ya ngamia aliporuhusiwa kumimina.

Bibi alipofariki, Mama alimwita Sagal mlangoni pa jiko. "Sasa kazi hii ni yako, mwanangu. Umemwona bibi yako akiifanya." Alisema hivyo bila kuingia, akaondoka upesi.

Siku ya kwanza Sagal alitia vijiti, akatikisa, akafunua. Moshi ulimpanda usoni. Ilikuwa harufu ya shali ya Bibi, ya mikono ya Bibi, ya kifua chake alipokuwa akimkumbatia. Alihisi kuna mtu amesimama nyuma yake, karibu kabisa, akiitazama kazi juu ya bega lake. Hakuthubutu kugeuka. Alimwaga makaa, akakimbilia uani.

Tangu hapo alikisuuza chombo kwa maji baridi, basi.

"Umekifukiza?" Mama aliuliza kutoka chumbani.

"Nimekifukiza, Mama."

Mama hakuja kunusa. Tangu msiba alikunywa chai ya rangi tu. Sagal naye hakuyataka maziwa ya chombo kile. Aliyeyanywa alikuwa Guled peke yake.

Haukupita muda, sauti ikaanza.

Ilikuwa mchana, saa ambayo watu wa mji wa Burao wamekwisha kula wali na ndizi zao, wamefunga madirisha, wamelala. Upepo ulisukuma vumbi uani. Sagal alikuwa akiosha sinia aliposikia kitu kinagonga jikoni. *Tok.* Kimya. *Tok.* Baadaye sauti kama ya mtu anayevuta pumzi kati ya meno.

Guled alitokea mlangoni pa jiko, macho mazito kwa usingizi. "Dada, Bibi anapumua."

"Anapumua wapi?"

"Humo." Alinyoosha kidole. Juu ya rafu, kifuniko cha chombo kiliinuka kidogo, kikashuka chenyewe. *Tok.*

Sagal alimbeba mdogo wake, akatoka mbio hadi getini. Huko alimkuta Ifrah, binti wa jirani, akitafuna ubani.

"Mbona umekuwa mweupe kama unga? Umeona jini?"

"Chombo cha Bibi kinagonga."

Ifrah alicheka, lakini miguu yake ilirudi nyuma. "Basi kafungue! Bibi yako amekuja kudai kikombe chake. Au umemfanyia nini, wewe? Maiti hagongi bure."

Neno lile lilimwingia Sagal kama mwiba. *Umemfanyia nini?*

Jioni Guled alitapika. Usiku kucha tumbo lilimsokota, na asubuhi hakuitaka hata anjera ya kwanza. Alilala mkekani, midomo imekauka, macho yamedidimia. Baba alikuwa safarini na lori lake. Mama alizunguka chumbani akijisemea, kisha akakumbuka dawa aliyolelewa nayo.

"Maziwa ya ngamia," alisema. "Mama yangu alituponya nayo sote. Kaa na mdogo wako."

Aliingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu msiba, akazuia pumzi, akamimina haraka bila kutazama. Alirudi na kikombe kimejaa. Alimwinua Guled kichwa.

"Kunywa, baba. Kunywa upone."

Kutoka jikoni ikaja sauti: *tok.* Guled alinong'ona, "Bibi anapumua."

Mama alishtuka, lakini mkono wake uliendelea kwenda mdomoni mwa mtoto. Sagal alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Lawama ya ugonjwa ingeangukia mzimu wa Bibi, aliyekwisha kuzikwa.

"Usimpe!" Alikirukia kikombe, maziwa yakamwagika mkekani. "Mama, usimpe! Sikukifukiza. Sikukifukiza hata siku moja tangu ile ya kwanza. Nilikudanganya."

Mama alimtazama. Kisha akainama, akanusa mkeka. Harufu ilikuwa kali na chafu. Alinyanyuka, akaingia jikoni, na Sagal akamfuata. Mama alikishika chombo kwa mikono miwili na kufunua. Pumzi ndefu ikatoka, *fssss*, na povu la kijivu likapanda hadi mdomoni.

"Huyu ndiye Bibi yenu," alisema Mama polepole. "Maziwa yaliyoharibika. Yanachemka bila moto, yanasukuma kifuniko."

"Nilihisi yuko nyuma yangu. Harufu ilikuwa yake. Niliogopa."

Mama alifungua mdomo kumkaripia. Badala yake machozi yakamtoka. "Mimi pia," alisema. "Unadhani kwa nini nilikuachia kazi hii? Niliikimbia harufu hiyo. Njoo, kwanza tumpeleke mdogo wako."

Zahanatini Guled alipewa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, na muuguzi akawaambia wazi kwamba wangechelewa kidogo tu, mtoto angekaukiwa na maji mwilini. Siku iliyofuata aliomba anjera, na akanuna alipopewa ya pili badala ya ya kwanza.

Hapo Mama akaleta vijiti. Walikisugua chombo kwa maji ya moto mara nyingi, wakakianika juani, wakatia ndani vijiti vinavyowaka, wakatikisa wakipokezana. Sagal alifunua kifuniko. Moshi ukapanda, na kwa mara nyingine alihisi yule mtu nyuma yake, karibu kabisa. Safari hii hakukimbia. Mama alikuwa kando yake, amefumba macho, akivuta harufu ile kwa nguvu.

"Bibi yako alifukiza ili tumbo la mtoto libaki salama," Mama alisema. "Kuogopa si kosa, Sagal. Ukiogopa, niambie, tutaogopa pamoja na kazi itafanyika. Lakini uongo ulionipa mimi, aliyeunywa ni Guled. Usisahau hilo."

"Sitasahau, Mama."

Muuza maziwa alipiga hodi. Sagal alimpelekea chombo mwenyewe. Mchana ule, mji ulipolala, alikaa jikoni peke yake na kusikiliza. Kifuniko kilitulia mahali pake, na harufu ya Bibi ilijaa chumba kizima.