Utepe wa Njano Sokoni Groningen

Geeske alimwaga ndoo ya maji ya samaki bila kutazama, na maji yote yakamwishia kijana aliyekuwa mtaroni mbele ya meza yake. Bila kutazama, alisema yeye. Sisi wanawake tunajuana.

"We dada, mimi samaki?"

"Samaki wangu hawanung'uniki, kaka."

Geeske alivaa buti nyekundu na aproni nyeupe. Akampoza kwa samaki mbichi wa chumvi na vitunguu. Kijana, Wiebe, alikuwa anafukia mkongo wa intaneti, akamwonyesha kazi yake: bomba la mkongo chini kabisa, mchanga laini usio na mawe, halafu utepe wa njano.

"Mchimbaji akiuona utepe, anasimama."

"Asiposimama?"

"Huyo ni kiziwi wa macho."

Geeske alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Tangu hapo simu zililia kila jioni, mpenzi huku, mpenzi kule.

Kisha ikaja Jumamosi ya upepo. Mkongo ukakatika, mashine za kadi zikazima soko zima, na mjini Groningen siku hizi nani anatembea na noti? Samaki wakadoda. Geeske akapiga simu akifoka.

"Ulikuwa unanikodolea macho badala ya kutazama kazi! Umefukia ovyo!"

"Mpenzi, nilifukia sawasawa."

"Mpenzi wa nani? Usinipigie tena!"

Jumatatu Wiebe na wenzake wakafukua mbele ya meza ya Geeske. Msimamizi wake alikuwa amekwisha sema: kosa likiwa la Wiebe, kazi hana. Mchanga ulikuwa safi, bomba lilikaa pale pale, ila lilikuwa na tundu. Na utepe juu yake ulikuwa na tundu.

"Utepe umeuchana mwenyewe ukifukua," msimamizi akasema. "Vua fulana ya kazi."

Geeske akakumbuka. Upepo ule wa Jumamosi, mwamvuli wake mkubwa, ile nondo ya chuma aliyoipigilia kati ya matofali ya chini ili kuushikilia. Angeweza kunyamaza. Akainama chini ya meza, akaitoa nondo. Nchani ilikuwa bado imeng'ang'ania kipande cha njano.

"Ni mimi."

Wiebe akaitazama nondo, ndefu kama mguu wa Geeske. "Ulipigilia mpaka wapi?"

"Mpaka mwamvuli ukatulia."

"Kiziwi wa macho!"

"Nisamehe, Wiebe."

"Nchi hii, mtu kabla hajatoboa ardhi anauliza kwanza."

"Na akitaka kuoa?"

"Anauliza pia."

"Basi uliza, watu wanangoja samaki."

Wiebe akauliza. Magoti yalikuwa tayari mchangani.