Ramani Ilisema Amefika

Mkiniambia ramani ya simu haikosei, mimi nitawapa tu kisa cha rafiki yangu mkunga.

Jioni moja mwanamume alimpigia akilia. Mkewe alikuwa amejifungulia nyumbani, huko mashambani, na damu haikatiki. Akamtumia mahali walipo kwenye simu. Rafiki yangu akawasha gari, akaufuata ule mstari wa buluu mpaka giza likaingia, mpaka simu ikasema, "Umefika."

Hapakuwa na nyumba. Lilikuwa shamba tupu, kimya, hata mbwa hakubweka.

Akampigia. "Baba, mko wapi? Sioni kitu!"

"Tunaziona taa zako, dada. Uko mlangoni. Shuka basi, mke wangu ananiishia mikononi!"

Akapiga honi ndefu. Honi ileile ikasikika ndani ya simu.

Akashuka na tochi, akakimbia huku na huku akiita, akilia. Ndipo akasikia, ndani ya simu, mlango wa gari ukifungwa, nyayo zikikaribia, kisha hodi. Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Karibu, dada, pita," mwanamume akasema. "Mbona mikono yako ina baridi hivyo?"