Vifuniko Vinavyojipanga Vyenyewe

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kazini kwa mama yake. Jina hilo la utani alilipata darasa la pili kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na hata alipofika darasa la sita lilikuwa bado limemganda. Mama alifanya kazi katika maabara ya chuo kikuu. Chiriku hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha ukumbini kando ya dirisha la kioo, akiandika kazi za shule na kumtazama mama kwa jicho la pembeni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu kidogo. Mama alitengeneza chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yangeenea katika upana wa unywele mmoja. Alizitia ndani ya kimiminika na kuziacha zijipange safu kwa safu.

"Nani atashika vitu vidogo hivyo kwa mkono?" mama alimwambia siku moja wakirudi nyumbani. "Tunatumia brashi, halafu zinajipanga zenyewe."

Chiriku alisikia hayo tu, akaridhika. Mwalimu wa sayansi alipotangaza maonyesho ya Ijumaa, alisimama mbele ya darasa akasema ataonyesha vitu vinavyojipanga bila kuguswa. Rafiki yake waliyemwita Miwani akasema, "Basi vije vinipangie kabati langu." Darasa likaangua kicheko. Chiriku akaapa moyoni kwamba Ijumaa hatacheka mtu.

Jumatatu alijaza maji kwenye trei, akaelesha juu yake vifuniko kumi na tisa vya chupa za maji, akaanza kuvisukuma kwa mswaki wake wa zamani. Vifuniko vikagandana mafungu mafungu, kama watu wanaosengenya. Akavitenganisha, vikagandana tena. Jumanne alijaribu brashi ya viatu, mambo yakawa yale yale. Jumatano aliipiga trei kofi kwa hasira, maji yakamrukia usoni, akakaa sakafuni akalia. Kwa nini brashi za mama zifanye kazi na zake zigome?

Alipomaliza kulia alichukua gundi. Akavibandika vifuniko vyote juu ya karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, safu safi zilizonyooka, akaielesha majini. Ungeapa kwamba vimejipanga vyenyewe.

Alhamisi mwalimu alikagua kazi za wote. Alipofika kwenye trei ya Chiriku alitabasamu. "Safi sana. Kesho utaitikisa mbele ya wazazi, tuone vikitawanyika na kujipanga upya."

Vilivyobandikwa kwa gundi vingetawanyika vipi?

Mchana ule mama alitoka maabara uso umemshuka. Alikaa karibu na bintiye, akafungua daftari lake la kazi, akaandika tarehe, vipimo, na neno moja: Zimegandana.

"Mara ya ishirini na tatu," alisema. "Nimechoka, mwanangu."

"Sasa kwa nini unaandika, mama? Ungeruka tu. Nani atajua?"

"Mimi. Kesho nikitafuta nilipokosea nitatafutia wapi, kama leo nimelidanganya daftari?"

Chiriku alilitazama lile neno moja daftarini. Kisha akamwaga yote, kuanzia majigambo ya darasani hadi gundi. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Na hizo brashi ulizotumia ni zipi?"

"Mswaki. Na ya viatu."

Mama akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Usinicheke, mama. Wewe ndiye uliyesema brashi."

"Kweli, nisamehe. Brashi zetu hazisukumi kitu. Ni nyuzi ndogo sana tunazootesha juu ya kila chembe, zinasimama wima kama nywele za brashi. Chembe tupu zikikaribiana hugandana. Zenye nyuzi, zikisogeleana, nyuzi ndizo zinazokutana kwanza na kusukumana. Kila chembe inabaki na nafasi yake, na hapo ndipo safu zinapopatikana."

Nyumbani walibandua vifuniko. Brashi ya viatu ikanyolewa kipara. Nywele zake walizipanga kwenye utepe wa gundi, wakauzungusha ukingoni mwa kila kifuniko. Jaribio la kwanza likavurugika. Chiriku alitaka kutupa kila kitu dirishani.

"Angalia nywele," mama alisema. "Hizi ndefu, hizi fupi. Chukua rula."

Akapima, akakata, akajaribu tena. Hata wakati wa kula ulipofika, bado vilikuwa vinajipanga nusu nusu; baada ya chakula wakaendelea kupima na kukata.

Ijumaa, mbele ya wazazi, Chiriku aliitikisa trei. Vifuniko vikatawanyika, vikasogeleana polepole, vikatulia kwenye safu zenye nafasi sawa, kama vyumba vya sega la nyuki. Vyote isipokuwa viwili, vilivyosimama kwenye kona vimesusa.

"Na hivyo?" Miwani aliuliza.

Kidole cha Chiriku kilikuwa kimeshafika majini ili kivisukume. Akakirudisha.

"Vimekataa. Nadhani nywele zake nilizikata vibaya." Akamgeukia mwalimu. "Na mwalimu, vya jana vilikuwa vimebandikwa kwa gundi. Nilikudanganya."

Chiriku alitazama viatu vyake.

"Kunidanganya ulikosea," mwalimu alisema, "na umefanya vizuri kusema mwenyewe. Vya jana vilipendeza lakini havikunifundisha kitu. Vya leo vina kasoro mbili, na nimejifunza kutokana nazo. Watoto, kazi ikiwashinda semeni imewashinda. Anayeficha kosa hawezi kulirekebisha, wala hakuna atakayeweza kumsaidia."

Miwani akasogea mezani, akatoa rula kwenye mkoba wake.

"Lete hivyo vikaidi viwili," alisema. "Mimi napima, wewe unakata."