Kiatu cha Ukurasa wa Tisa

Kila asubuhi, kabla Winnie Sobczak hajamaliza kifungua kinywa, mama yake alimuuliza swali lile lile.

"Winnie, umeshausoma ukurasa wako?"

"Nitausoma leo, Mama," Winnie alijibu, kwa sauti ya mtu anayeonewa.

Mama alichoka kuuliza na Winnie alichoka kuulizwa. Asiyechoka alikuwa Babu Casimir peke yake. Yeye alijifungia gereji kila jioni na kurudia maneno yake mpaka jirani akagonga ukuta.

Mji wao mdogo wa Corvin Harbor, huko Massachusetts, ulikuwa na mwandishi wake, Jotham Pryce, aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita baada ya kuwatia watu hofu kwa hadithi zake maisha yake yote. Hadithi zake nyingi zilichapishwa katika gazeti la mji tu. Kila Oktoba, Bi Lorraine Tuttle, mkutubi, alichimbua moja kutoka magazeti ya kale, akaipiga chapa, akaigawa kwa wasomaji kumi na watatu. Kila msomaji alipata ukurasa mmoja ndani ya bahasha, na ilikuwa mwiko kumwonyesha mwenzake. Hadithi nzima ilisikika siku ya kusomwa tu, mbele ya mji mzima, na wasomaji walishtuka pamoja na wasikilizaji.

Mwaka huo Winnie, mwenye miaka kumi na miwili, alipewa ukurasa wa tisa. Babu Casimir alipewa wa mwisho. Macho ya Babu yalikuwa yamefifia, hakuona tena herufi, na alitaka kuacha baada ya kusoma kwa miaka thelathini. Bi Tuttle hakutaka kusikia habari hiyo.

"Uweke kichwani, Casimir," alimwambia. "Kichwa chako bado kizima, sivyo?"

Kwa hiyo Mama alimsomea mstari mmoja mmoja kule gereji, naye akauhifadhi. Kazi hiyo iliwachukua wiki tatu. Babu alikosea, akajikasirikia, akapiga meza ngumi, akaanza upya. Winnie aliyasikia yote hayo kupitia mlango uliofungwa, huku akicheza michezo kwenye simu yake. Alikuwa msomaji hodari kuliko wote darasani, na kwa bahati mbaya alilijua hilo vizuri mno. Ukurasa mmoja ungemshinda nini?

Siku moja kabla ya kusoma, alipotoka shule, ndipo alipoitafuta bahasha. Hakuiona mezani wala mkobani. Akapekua chini ya kitanda, akapata soksi mbili na sahani. Kisha akakumbuka. Jumanne alikuwa ameokota karatasi zote kuukuu chumbani kwake na kuzitupa kwenye pipa la karatasi. Jumatano gari la taka lilipita.

Bi Tuttle aliishi mtaa wa pili tu. Winnie alivaa koti, akafika mlangoni, akasimama. Akilini alimwona Bi Tuttle akipandisha nyusi na kusema, "Wewe, Winnie? Wewe niliyekuamini?" Akalivua koti.

Alikuwa ameusoma mstari wa kwanza siku alipoupokea ukurasa: "Bi Tabitha aliwasha taa, akashuka ngazi za kwenda chumba cha chini." Basi, hayo mengine angeshindwaje kuyatunga? Si hadithi ya kutisha? Akaketi, akaandika kwa mwendo wa dakika ishirini, akajipongeza.

Kesho yake saa nane mchana maktaba ilijaa. Watu walikunywa sharubati ya tufaha, watoto walikula donati, na maboga yalipangwa madirishani. Babu alivaa koti lake la harusi na tai. Alikaa kimya mstari wa mbele, midomo ikimchezacheza.

Kurasa nane za kwanza zilikwenda vizuri. Mume wa Bi Tabitha, nahodha, alizama baharini. Mjane alimwandalia bakuli la supu kila jioni kama zamani, na kila asubuhi alilikuta bakuli tupu. Mtoto mmoja alimkumbatia mama yake. Ndipo Winnie akasimama. Alisoma kwa sauti nzuri jinsi Bi Tabitha alivyoshuka chini, jinsi mifupa kumi na miwili ilivyotoka ukutani, na jinsi ilivyomkaba koo mpaka akafa. Watu walipiga makofi. Winnie akainamisha kichwa kama mwanamuziki jukwaani.

Bwana Duquette, tarishi mstaafu asiyependa mzaha, alifungua ukurasa wa kumi.

"'Bi Tabitha alipanda tena jikoni akiwa amekikumbatia, akakiweka karibu na moto kikauke...'" Akanyamaza. Akageuza karatasi, akaangalia nyuma. "Kikauke kitu gani? Na huyu mama si amekufa sasa hivi?"

"Ni mzimu wake!" mtu akasema kutoka nyuma.

"Mzimu gani unakausha vitu?"

"Soma tu, Duquette, usitucheleweshe!"

Akasoma, uso umemwiva. Katika ukurasa wa kumi na moja Bi Tabitha alikwenda kanisani. "Maiti kaenda kusali!" mtoto mmoja akapayuka, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Katika ukurasa wa kumi na mbili alinunua vitunguu, na watu wakafuta machozi ya kucheka. Bi Tuttle alikuwa akipekua daftari lake, akitafuta kosa lake mwenyewe, kwani alidhani amechanganya hadithi mbili.

Babu aligeuka upande wa Winnie. "Mjukuu wangu, mbona wanacheka?" akamnong'oneza. "Pryce hachekeshi. Nimeelewa vibaya? Na wangu nao watauchekea?"

Winnie aliikunjakunja karatasi yake. Makofi yale yote yalikuwa yamegeuka aibu. Alizikumbuka ngumi za Babu juu ya meza kule gereji, jioni baada ya jioni. Sasa zamu ilikuwa ya Babu, na Mama alimshika mkono amsaidie kupanda jukwaani. Babu alisafisha koo. Watu walikuwa bado wanachekacheka.

"Babu, usianze!" Winnie akapiga kelele.

Watu wote wakageuka. Winnie alisimama. "Ukurasa wangu nimeutunga mimi. Wa kweli niliutupa na taka. Sikuwahi kuusoma wote. Bi Tabitha hajafa."

Bi Tuttle alivua miwani yake polepole. Akaenda kabatini, akafungua, akatoa bunda la karatasi na kulipiga mezani.

"Nakala tano!" alisema. "Kila mwaka natengeneza nakala tano, kwa sababu kila mwaka kuna mtu anaumwagia kahawa ukurasa wake. Mwaka jana alikuwa meya! Mtaa wa pili tu, Winnie! Ungegonga mlango, ungesema neno moja, ungeondoka na karatasi yako!"

"Na mimi je?" Bwana Duquette aliruka. "Nimefanywa mjinga mbele ya mke wangu!"

Winnie alilia, lakini hakuna aliyembembeleza. Bi Tuttle alimpa ukurasa wa tisa. "Soma," akasema. "Tunarudi nyuma."

Safari hii hakusoma kwa madaha. Alikwama mara nne, kwa kuwa hakuwa amejizoeza. Lakini aliusoma. Bi Tabitha alishuka chini na taa. Hapakuwa na mifupa. Palikuwa na kiatu kimoja tu, cha mguu wa kushoto, kimelowa maji ya chumvi. Kamba zake zilifungwa fundo ambalo mumewe pekee alijua kulifunga.

Hakuna aliyecheka. Bwana Duquette alirudia ukurasa wake, na Bi Tabitha alipokiweka kiatu karibu na moto kikauke, watu walivuta pumzi. Hata vile vitunguu sasa vilitisha, maana alivinunua vya supu ya watu wawili.

Kisha Babu Casimir akasimama, mikono mitupu, macho yakitazama pasipo kuona. Alieleza usiku ule Bi Tabitha aliposikia hatua zikipanda ngazi. Hatua moja ilikuwa na kishindo, na iliyofuata haikuwa na sauti. Kishindo, kimya. Kishindo, kimya. Bi Tabitha alikichukua kiatu, akakiweka nje ya mlango, akafunga. "'Asubuhi,'" Babu akamalizia kwa sauti ya chini, "'kiatu hakikuwepo, na bakuli halikuguswa tena.'"

Watu kadhaa waligeuka kuutazama mlango kabla ya kupiga makofi.

Wakati wa kurudi nyumbani Winnie alimshika Babu mkono. "Umenikasirisha sana," Babu alisema. "Nisikudanganye. Kupoteza karatasi si dhambi, kila mtu hupoteza. Lakini ulipolifunika kosa lako, uliwaharibia wote waliokuja baada yako. Nusura uwafanye watu wanicheke, mimi niliyehangaika wiki tatu. Ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo. Ukilificha linakua, na linawaangukia watu wasiohusika."

"Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe. Ila hasira itakaa mpaka Jumatatu."

Jumatatu asubuhi Mama aliweka maziwa mezani. "Winnie, umemaliza hesabu zako?"

Winnie alifungua kinywa kusema atamaliza leo. Akakifunga. "Bado, Mama," akasema. "Na kitabu nilikisahau shuleni tangu Ijumaa."

Mama alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka kweli kweli. "Haya," akasema, akavaa koti. "Leta mkoba wako. Tukitoka sasa hivi, utazifanya kabla ya kengele."