Mitungi Miwili ya Maji ya Bahari

Kila Jumamosi asubuhi Jumwa alifua sare yake, akala viazi, kisha akaenda kucheza. Jumamosi hii, kabla hajamaliza viazi, mama yake alimwekea mitungi miwili na mkokoteni mlangoni.

Mama yake, Kaviha, alisomea ujenzi chuoni. Sasa alikuwa akijenga kidaraja cha kuvukia mtaro mbele ya shule ya Jumwa, huko Mtongwe. Kile cha zamani kilivunjika, na wanafunzi walikuwa wakivuka kwa ubao. Juma lililopita mtoto wa chekechea aliteleza akavunjika mkono.

Kazi ilikuwa imechelewa sana. Vita vya ng'ambo vilizuia meli za kuleta chuma, na duka la vifaa lilikuwa limebakiwa na vyuma sita tu vya nondo. Kaviha alivinunua vyote. Vijana wa kuchanganya zege nao walikuwa wameenda kufanya kazi ya barabara. Alibaki na Hashim, fundi mzee, na Jumwa wa kuleta maji.

Jumwa alitakiwa ajaze pipa kwa maji matamu ya bomba kutoka kioskini, safari nne. Safari ya nne alikuta foleni ndefu, na bahari ilikuwa pale pale chini. Maji ni maji, akawaza. Akaijaza mitungi ufuoni, akaimimina pipani na kukaa kivulini.

Hashim alichota maji yale akachanganya zege la kwanza. Alipopumzika, alimwonyesha Jumwa kipande cha kidaraja cha zamani. Chuma cha ndani kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kikawa chembamba kama njiti. Akamweleza kwamba waliokijenga walitumia mchanga wa pwani, na chumvi yake ndiyo iliyokula chuma.

Jumwa alitazama zile nondo sita zilizokwisha kupangwa juu ya mtaro. Mama yake alikuwa ameinua karai la kwanza la zege.

"Mama, usimwage," alisema. "Maji ya mwisho niliyachota baharini."

Kaviha aliweka karai chini. Akachovya kidole pipani, akaonja, akatema.

Hashim aliegemea sepetu yake. "Binti, tulikutuma maji, wewe umetuletea mchuzi."

Jumwa alidhani zege lote litatupwa. Lakini mama yake alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba chumvi hula chuma, na ngazi ya darasa la chekechea haikuhitaji chuma. Ngazi ile ilikuwa kazi ya juma lijalo, na saruji yake ilikuwapo. Basi zege la chumvi likajenga ngazi, na saruji ya ngazi ikatumiwa kwenye kidaraja. Pipa likamwagwa na kusuuzwa. Jumwa akaenda kioski safari nne nyingine, na foleni ilikuwa ndefu zaidi.

Zege lilipokomaa, watoto wa chekechea walivuka wa kwanza, wakirukaruka katikati kusudi. Hashim alimuuliza Jumwa kama leo pia kuna mchuzi. Jumwa akacheka.

Kaviha hakucheka sana. "Uvivu wako ulitupotezea nusu siku," alimwambia. "Ungenyamaza, tungepoteza nondo, na hakuna nyingine. Kukosea utakosea tena, mwanangu. Ila useme mapema, zege likiwa bado bichi."

"Sawa, mama," alijibu Jumwa, akavuka kwenda darasani.