Mzigo wa Ghala Namba Nne

"Nguo zimekauka. Anua kabla ya mvua."

Simu ikakatika.

Sindano akakanyaga mafuta. Hilux ikaruka tuta na kupenya geti la uwanja wa ndege, mlinzi akiwa bado anatafuta kalamu. Maana ya maneno yale ya mtoa habari wake ilikuwa moja tu: mzigo umefika, na ndege inaruka baada ya nusu saa.

Mzigo ulikuwa kobe.

Kobe wadogo wenye nyota za manjano mgongoni, wasiopatikana popote duniani ila kwenye misitu ya kisiwa hiki. Mwaka jana watafiti waliwahesabu. Hawakufika mia mbili. Wiki iliyopita walirudi, wakakuta mashimo matupu.

Ghala namba nne. Saa tatu asubuhi. Makreti kumi na mawili juu ya toroli, yote yameandikwa VIGAE VYA SAKAFU. Kando yake, mgeni mwenye suti ya kijivu.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni. "Sindano, rubani kawasha injini."

"Mzuie."

"Kwa sababu gani?"

"Itafute."

Mgeni akatabasamu, akamwonyesha kibali chenye muhuri. "Vigae tu, dada. Havili, havinywi."

Sindano akabandika kinasa sauti kidogo kama kifungo cha shati kwenye kreti la kwanza. Akasikiliza.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kucha.

"Vigae vyako vinajikuna," alisema.

Mkono wa mgeni ukazama ndani ya koti. Ulichelewa. Goti la Sindano lilitua tumboni, bastola ikadondoka, na suti ya kijivu ikafagia sakafu. Pingu zikalia: klik.

Ndipo alipokisoma kile kibali. Sahihi ya daktari wa mifugo wa uwanja. Mwandiko aliujua, ndio uliotia sahihi ripoti zake zote za shule.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mzee mwenye koti jeupe akasimama kizingitini.

"Shikamoo, mjomba," Sindano alisema, akichomoa bastola yake, Glock.

"Marahaba." Sauti haikufika mbali.

"Kwa nini?"

"Msitu unakwisha, mpwa wangu. Kila mwezi wanafyeka. Hawa wanunuzi waliniambia wana bustani ya kuzalisha kobe. Nikaona heri waishi ugenini kuliko wafie nyumbani."

Sindano akabandua kifuniko. Kobe walikuwa wamepangwa kama sahani, miguu imefungwa kwa utepe wa gundi. Wa juu walikuwa wanatapatapa. Wa chini walikuwa kimya.

"Wewe ndiye daktari. Waangalie."

Mzee akapiga magoti. Akatoa mkasi mfukoni, akaanza kuwakatia utepe, mmoja baada ya mwingine. Waliokufa aliwaweka kulia. Alipofika wa kumi na moja, mkasi ukamponyoka.

"Hawakuniambia watawafunga hivi."

"Hukuuliza, mjomba."

Redio ikaita. "Ndege imezimwa. Una majeruhi?"

"Wengi. Leteni maji na madaktari wawili wa wanyama."

"Si yupo mmoja hapo?"

Sindano akamtazama mjomba wake.

"Alikuwepo."

Askari wawili wakaingia mbio. Mmoja akamnyanyua mgeni, mwingine akamwendea mzee na kumshika mikono.

"Huyo usimfunge kwa nyuma," Sindano alisema. "Ana bega bovu."

Akairudisha Glock kiunoni, akavaa miwani ya jua, akatoka ghalani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Mjomba wake alimwita kwa jina la utotoni, mara mbili.

Hakugeuka.