Jogoo na Kitabu cha Adhabu

Siku za kazi, saa mbili asubuhi, nyumbani kwa Alute kule Mtinko huwa kimya. Mkewe Kristina yuko shambani. Binti yao Aneth, wa kidato cha pili, yuko darasani. Lakini Jumanne hiyo Aneth alikuwa uani, anakata majani makavu ya vitunguu kwa kisu. Alute alimtazama, moyo ukamuuma. Ilikuwa siku ya kumi na nane mtoto hajaenda shule.

Kisa chenyewe kilikuwa cha maji. Wasichana walipangiwa zamu ya kuteka maji kisimani na kuyapeleka nyumbani kwa Mwalimu Hosea, mwalimu wa nidhamu. Aneth akasema mbele ya wenzake, "Mwalimu, zamu yetu ilikuwa jana. Na leo tuna jaribio."

Mwalimu akakasirika. "Unanifundisha kazi? Nenda kwenu. Usirudi mpaka nikuite."

Basi Alute akafanya kama baba yake alivyofanya, na babu yake. Kwetu Singida, ukimkosea mtu mzima huendi mikono mitupu. Unakwenda na kuku. Akamkamata jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa akiamsha mtaa mzima, akampeleka nyumbani kwa Mwalimu Hosea.

"Mwalimu, mtoto amekosa. Tunaomba yaishe."

"Nimekuelewa, mzee. Akae kwanza. Nitamwita."

Jogoo alipokelewa. Aneth hakuitwa. Kila Kristina aliposema, "Baba Aneth, nenda shuleni ukaulize," Alute alijibu, "Nimeshamalizana na mwalimu. Nikienda tena nitaonekana namshtaki." Kumbe hakuwa amemaliza chochote.

Jumanne hiyohiyo ikaja barua kutoka kwa mtendaji wa kata. Alute alijifunza kusoma ukubwani. Husoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Kidole kikasimama kwenye neno moja: mtoro. Aneth ni mtoro, barua ilisema. Mzazi afike ofisini Ijumaa kujieleza, la sivyo atachukuliwa hatua za kisheria.

Naweza kushtakiwa, aliwaza, kwa mtoto niliyeambiwa nimkalishe nyumbani.

"Baba," Aneth alisema, "upimaji wa kidato cha pili umebaki wiki tatu. Jina langu likifutwa, itakuwaje?"

Alute akaliendea banda la kuku. Kristina aliporudi kutoka shambani alimkuta ameshika tetea.

"Huyo anakwenda wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Utawamaliza wote. Mrudishe. Twende kwa Sikudhani."

Sikudhani ni jirani yao, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Alikuwa mjumbe wa bodi ya shule kwa miaka minne. Alizima mashine, akafuta mikono, akaisoma barua mara mbili.

"Kaka Alute, barua ya kumsimamisha mtoto masomo iko wapi?"

"Barua gani? Aliambiwa kwa mdomo."

"Basi ofisi haijui kwamba aliadhibiwa. Inajua mahudhurio tu. Kila siku Aneth anaandikwa hayupo. Ndiyo maana anaitwa mtoro."

Alute akakaa juu ya gunia.

"Shule ina kitabu cha adhabu," Sikudhani aliendelea. "Humo linaandikwa jina la mtoto, kosa lake, adhabu, na mwalimu aliyeitoa. Mkuu wa shule anatia sahihi. Mtoto akisimamishwa masomo, mzazi apewe barua yenye sababu. Bodi na ofisi ya elimu nao wapewe taarifa. Mwalimu mmoja hawezi kumfukuza mtoto kwa mdomo, halafu yakaishia hapohapo."

"Lakini mwalimu ni mzazi. Nitamdai vipi maandishi?"

"Mbona ukileta alizeti hapa huondoki mpaka niandike kilo zako? Umenikosea adabu?"

Kristina akasema polepole, "Alipeleka na jogoo."

Sikudhani akamrudishia Alute barua. "Kaka, ungekwenda ofisini siku ileile, mkuu angejua. Ulipokwenda nyumbani kwa mwalimu, ulimsaidia kuficha."

Maneno hayo yalimchoma Alute, kwa sababu yalikuwa kweli.

Asubuhi ya Jumatano, wazazi na mtoto walikuwa mbele ya meza ya mkuu wa shule, Mwalimu Catherine.

"Shikamoo, mzee," mkuu alisema.

"Marahaba, mwalimu. Tumekuja kuhusu adhabu ya Aneth. Tunaomba tujue imeandikwaje."

"Adhabu? Mimi niliambiwa ametoroka." Mkuu alifungua kitabu cha adhabu, akapekua kurasa. Jina la Aneth halikuwemo. Akaagiza Mwalimu Hosea aitwe.

Hosea aliingia. Alipomwona Alute hakusalimia.

"Mwalimu, ulimrudisha huyu nyumbani?"

"Hapana, mkuu. Nilimwonya tu. Sikusema asirudi."

Aneth akaanza kulia. Chumba kikawa kizito. Sasa ilikuwa neno la mwalimu na neno la mtoto, na Alute alijua neno la nani huaminiwa. Alijua pia kitu kimoja kingeweza kumwokoa binti yake, nacho kilimtia aibu. Akamgeukia Hosea.

"Mwalimu, kama hukumfukuza, yule jogoo wangu ulimpokea wa nini?"

Hosea akainamisha kichwa.

"Nilimpeleka mimi mwenyewe," Alute akamwambia mkuu. "Nilikosea. Nilidhani tunamaliza kama wazee wetu."

"Umekosea, mzee. Jambo la shule halimalizwi kwa kuku," Mwalimu Catherine alisema. "Na wewe, mwalimu, hili nitaliandika kama lilivyo na kulipeleka ofisi ya elimu." Kisha akamgeukia Aneth. "Ulimjibu mwalimu mbele ya wenzako?"

"Ndiyo, mwalimu. Kama nilitumia sauti mbaya, naomba radhi. Lakini sikutoroka."

Mkuu akaandika yote kitabuni: zamu ya maji, maneno ya Aneth, na siku kumi na nane alizokaa nyumbani bila barua. Adhabu ya Aneth ikawa onyo. Maelezo ya mahudhurio yakarekebishwa. Kabla ya kutia sahihi, Alute alisoma kila mstari, kidole chini ya neno. Ilichukua muda. Hakuna aliyemharakisha.

Ijumaa mtendaji aliisoma nakala ya maandishi ya mkuu, akafuta shauri. Maji ya nyumbani kwa walimu yakakoma kuchotwa na wanafunzi. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, mkuu hupeleka taarifa ya adhabu zote kwa afisa elimu wa kata, na kwenye mkutano wa wazazi huisoma. Aneth akafanya upimaji na wenzake.

Januari matokeo yakatoka. Aneth alikuwa amefaulu. Alute akaingia bandani, akatoka na jogoo mpya chini ya kwapa.

Kristina akasimama mlangoni. "Baba Aneth, huyo anakwenda kwa nani?"

"Haendi kwa mtu," Alute alisema. "Bandika maji."